Waya Mwekundu Usiguswe

Kibaha,
Jumamosi, tarehe 10 Januari

Mwanangu Idrisa,

Leo nitakwambia yote, hata lile linaloniaibisha. Nimejiapiza hivyo kabla sijashika kalamu, kwa sababu najijua: nikianza kuchagua la kusema na la kuacha, nitaacha lile lenyewe.

Najua umeshacheka ulipoona neno mwanangu. Cheka umalize. Wewe una miaka ishirini, mimi kumi na saba, na keshokutwa nitavaa sketi ya shule nikaanze kidato cha nne wakati wewe uko Mwanza unajifunza nyimbo za bendi. Lakini baba yako ni kaka yangu, baba mmoja mama mbalimbali, na mtoto wa kaka yangu ni mwanangu hata akiota ndevu. Sikulipanga mimi hilo. Babu yako ndiye aliyeoa tena uzeeni akanizaa mimi, wakati wewe tayari unakimbia uchi kule Masaki ya Kisarawe ukifukuza kuku.

Unakumbuka ulivyopigwa kwa ajili ya shikamoo? Tulikuwa Masaki, msimu wa korosho, nyumba imejaa watu. "Mwamkie shangazi yako," baba yako akakwambia. Ukanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Huyu? Huyu ana kamasi." Ukala kofi la mgongo, ukasema shikamoo huku ukimwangalia mbuzi. Mimi nikaitikia marahaba kwa sauti nzito nikimuiga mama, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku ile hujaniamkia tena. Nimekuwa Mwaju, nimekuwa we mtoto, na nikikutengenezea kitu nakuwa fundi mkuu.

Sasa kesho unaondoka, na unajua desturi ya kwetu. Mtoto akitoka nyumbani kwenda kuanza maisha yake, mama hulia tu. Kusema ni kazi ya shangazi. Alfajiri ya safari shangazi humnawisha uso mlangoni, kisha humwambia lile ambalo wengine wote wameshindwa kumwambia. Mashangazi wako wakubwa wametangulia mbele ya haki. Nimebaki mimi. Bakuli la maji nimeshaliweka karibu na mlango, na kesho nitakunawisha, lakini kusema mbele ya watu sitaweza. Wewe utanibinulia mdomo, mimi nitacheka, na mama yako atasema watoto hawa hawana adabu. Kwenye simu ndiyo usiseme, ungenijibu kwa kile kikatuni chako cha mbuzi anayecheka. Kwa hiyo naandika.

Habari ya chandarua, ya dawa za tumbo na ya kutoweka begi mbali na macho, mama yako ameisema tangu Jumatano, na ataisema tena mpaka basi litakapong'oa nanga pale Maili Moja. Mimi nina jambo la gitaa, na ndani yake lipo jambo la wivu. Naanza na wivu kwa sababu ndio ulioanza.

Ulianza siku baba yako alipolishusha gitaa kutoka darini. Tulikuwa sebuleni wote wawili, mimi na wewe, kwenye mkeka mmoja. Tulikuwa tumelisikia gitaa hilo maisha yetu yote bila kuliona: gitaa alilopigia kwenye harusi za Kisarawe nzima kabla hajaanguka kwenye ngazi ya kazi yake ya umeme na vidole vyake viwili vya kushoto vikakakamaa. Alipofungua gunia alilolifungia, vumbi lilitoka likatukohoza. Likaonekana, jekundu, zito, nyuzi zimeota kutu. Mimi nilinyoosha mkono. Sijui kama uliona. Niliunyoosha kabla sijafikiri.

Baba yako akasema, "Idrisa, chukua." Kisha akanigeukia. "Mwaju, leta bisibisi."

Wewe ukapewa gitaa, mimi nikatumwa bisibisi.

Hakuwa na ubaya, najua. Baba yako ndiye anayenilipia shule, ndiye aliyenitoa Masaki akaniweka nyumbani kwake nisome, na hajawahi hata siku moja kunifanya nijione mgeni. Na bisibisi alinituma kwa sababu mimi ndiye nilikuwa najua iliko. Jioni ngapi baada ya shule nimekaa kwenye kibanda chake pale Maili Moja nikiuza holda na balbu na kupima waya kwa mita, wewe uko kijiweni na wenzako. Nyuma ya kibanda alinifundisha kushika pasi ya kulehemu nikiwa bado shule ya msingi. Kwa hiyo ilikuwa sawa. Lakini ilikuwa sawa kwa namna ambayo usiku haikuniacha nilale.

Ukakuta gitaa ni bubu. Pikapu zake zote mbili, zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazokaa chini ya nyuzi na kuzisikia zinapotikisika, zilikuwa zimekufa kwa kutu. Ukakusanya hela za vibarua, ukaenda Kariakoo kutafuta za kubadilisha, ukarudi na pikapu mbili za aina ya hambaka, zisizofanana. Moja ilikuwa kwenye boksi lake na karatasi yake. Nyingine ulifungiwa kwenye gazeti.

"Zinafanana tu," ukasema. "Hambaka ni hambaka."

"Nani kakwambia?"

"Muuzaji."

"Na yeye anapiga gitaa?"

"Anauza, Mwaju. Kazi yake kuuza. Kazi yako kufunga. Kazi yangu kupiga. Mbona unataka kazi za watu wote?"

Ulisema kwa mzaha, nami nikacheka. Nakwambia tu kwamba niliikumbuka.

Nitakueleza tena kilichomo ndani, maana nilipokueleza mara ya kwanza ulikuwa unakula chipsi. Hambaka ina koili mbili za waya zilizolala ubavu kwa ubavu. Zimepangwa kinyume, ili mvumo wa umeme wa nyumba unaoingia kwenye hii ufutwe na ule unaoingia kwenye ile, na sauti ya nyuzi ibaki peke yake, nene na tulivu. Kila koili ina mwanzo na mwisho wake, kwa hiyo zinatoka nyaya nne za rangi nne: nyekundu, nyeusi, nyeupe, kijani, na wa tano mtupu wa kwenda ardhini. Mbili unaziunga pamoja ili koili zifuatane. Mmoja unapeleka sauti. Mmoja unarudi ardhini. Ukikosea upi ni upi, hakuna kinachoungua. Ndio ubaya wake. Kwenye nyumba ukikosea waya, fyuzi inakwambia. Gitaa halisemi, linaimba tu vingine.

Ile yenye karatasi, ya upande wa chini karibu na daraja la nyuzi, karatasi ilisema nyekundu ndiyo ya sauti, kijani ardhi, nyeusi na nyeupe ziungwe pamoja. Nilifurahi, kwa sababu ndivyo baba yako alivyonifundisha kwenye nyumba za watu tangu zamani: nyekundu moto, kijani ardhi. Ile ya gazetini, ya upande wa juu karibu na shingo, haikuwa na karatasi. Nikasema rangi ni rangi. Nikaifunga vilevile.

Yaani nilikuambia hambaka si hambaka tu, halafu mimi mwenyewe nikasema nyekundu ni nyekundu.

Kulehemu kwenyewe nilikuwa nakujua lakini kulinitoa jasho. Vile vitufe vya sauti mgongo wake ni bati pana, linakula moto. Mara ya kwanza niliyeyusha risasi, ile ya kuungia nyaya, kwenye ncha ya pasi nikaidondosha juu ya bati, ikakaa hapo kama tone la uji, kijivu, imenuna. Nikavuta waya ukatoka mzima. Baba yako akapita nyuma yangu na chai yake. "Usiipashe risasi," akasema. "Lipashe bati. Bati likiwa tayari, risasi itaenda yenyewe." Nikashika pasi pale chini mpaka bati likapata moto, nikagusisha risasi pembeni, ikakimbia ikatandaa, ikang'aa. Hakuna kitu nimewahi kufanya nikakipenda kama kile, Idrisa. Wewe ulikuwa umeketi kwenye debe la rangi unaniuliza, "Bado?"

Ulipochomeka kwenye ampu, ile spika ya gitaa, na kuweka swichi ya kuchagua pikapu juu, upande wa shingo, sauti iliyotoka hakuna aliyeitarajia. Tulikuwa tunangoja sauti nene. Ikatoka nyembamba, safi, ya baridi, kama maji ya kisimani kwenye jino bovu. Wale bodaboda wa kijiweni walizima pikipiki zao. Mama muuza mihogo akasema, "Haa, nani huyo kafa tukalie?" kisha akaanza kutikisa mabega. Wewe ukafumba macho. Baba yako alisimama mlangoni pa kibanda, kikombe mkononi, na sikuweza kuusoma uso wake. Akasema, "Lina sauti ya zamani," akaingia ndani.

Mimi nilikuwa nimeshika ule waya wa ampu, maana jeki, ile pini yake ya kuchomeka, ilikuwa inalegea. Watu wanakutazama wewe. Nilikuwa naona kila unachofanya kwa mkono, na kwenye goti langu mkono wangu ulikuwa unafanya hivyohivyo.

Halafu ikaja harusi ya Kibuta. Unajua ninachotaka kusema. Jenereta linanguruma nyuma ya maturubai, vumbi, watoto wamejaa mbele ya spika, na wewe umepanda kupiga na vijana wa pale kwa sababu mpigaji wao amechelewa. Mimi niko nyuma ya ampu, nimechuchumaa, nimeishika jeki. Mjomba wa bwana harusi, yule mzee aliyetoka Mwanza, mwenye bendi inayopiga hotelini, alikuja mpaka mbele akasimama akiwa na sahani ya pilau mkononi, hali. Akasikiliza wimbo mzima. Ulipomaliza akakuita.

"Kijana. Sauti hii umeitoa wapi? Nimeitafuta miaka. Wapigaji wangu wote wana magitaa ya bei, yote yanasikika kama mtu anayeongea na mdomo umejaa ugali."

Na wewe ukacheka, ukainua mkono wako wa kushoto, ukautikisa mbele yake.

"Vidole tu, mzee."

Nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, Idrisa. Sikutaka unitaje kwa sifa. Ungesema tu, alilifunga shangazi yangu. Hata ungesema, alilifunga huyu mtoto. Lakini ulisema vidole tu, mzee akakuandikia namba yake ya simu kwenye kifuniko cha boksi la soda, na mimi nikaendelea kushika jeki mpaka wimbo wa mwisho kwa sababu ningeiachia ungenyamaza mbele ya watu, na hilo nilishindwa. Nilitamani. Nilishindwa.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu mbaya kimoyomoyo. Ulikuwa ukipiga chumbani mimi nawasha redio. Mama yako akisema ndege yetu inaruka, natoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Niliona wivu na safari yako, na begi lako jipya, na vidole vyako, hata na kucha zako. Niliona wivu na jinsi baba yako anavyokusikiliza akiwa amelaza kichwa kwenye ukuta. Mimi nikitengeneza feni ya mteja ikazunguka, hakuna mtu anayelaza kichwa ukutani.

Kisha nikataka ushahidi. Ulipokwenda Dar kuchukua tiketi, nililifungua gitaa na kuchukua mita ya kupimia umeme ya baba yako. Nilitaka kuthibitisha kwa namba kwamba ile sauti si ya vidole, ni yangu. Nikapima hambaka ya chini, ikasoma kama karatasi yake ilivyosema. Nikapima ya shingoni. Ikasoma nusu. Nikadhani betri ya mita imekwisha. Nikapima tena, nikaanza kupima rangi kwa rangi, na taratibu nikaelewa. Ile ya gazetini ni ya kiwanda kingine. Kwao nyeusi ndiyo ya sauti, na zinazoungwa pamoja ni nyekundu na nyeupe. Mimi nilikuwa nimeunga mwanzo na mwisho wa koili moja, nikaizungusha ikajilisha mkia wake wenyewe. Koili hiyo imekufa ikiwa hai. Gitaa lako linaimba kwa nusu ya hambaka.

Kwa hiyo sauti ilikuwa yangu kweli. Ila ilikuwa kosa langu.

Nilichomeka ampu nikajaribu kupiga ule mwanzo wako, ule nilioufanya kwenye goti mara zote zile. Sauti ileile ikatoka, nyembamba, ya baridi. Haikuwa wimbo. Ilikuwa mtu anayegonga nyuzi. Nililirudisha kwenye gunia lake nikafunga kamba. Hilo nakuandikia kwa sababu niliapa, na kwa sababu ni haki yako kulijua: vidole ni vyako.

Lakini sikukwambia. Na hapa ndipo penye aibu. Koili moja ikiwa peke yake haina mwenzake wa kufuta mvumo. Gitaa lako linavuma. Kibandani hatukuusikia mvumo kwa sababu ya barabara, Kibuta kulikuwa na jenereta. Hotelini, watu wamekaa kimya wanasubiri wimbo, juu yako taa zimejaa, litavuma kama nyuki ndani ya debe. Utadhani limeharibika. Utalipeleka kwa fundi yeyote wa huko, naye akijua kazi yake atalifungua, ataona kosa la mtoto, atalisahihisha vizuri kabisa, na ile sauti iliyokupatia kazi haitarudi tena. Mzee atakuuliza, "Vidole vimekwenda wapi?"

Nilikuwa nalala na picha hiyo. Nilijua hata utakavyonipigia simu. Ungeanza na shikamoo.

Jana nilikwenda Masaki kukuchukulia zile korosho za safari. Nilimkuta mama amekaa kwenye kizingiti anabangua, mikono imeungua kwa yale mafuta ya ganda, myeusi mpaka kwenye viganja. Nikakaa kumsaidia. Akaushika mkono wangu akauona ule wekundu wa pasi kwenye kidole cha shahada.

"Na wewe unabangua nini huko Kibaha?"

"Gitaa la Idrisa."

"Enhe. Umeshatafuta maneno ya kumwambia kesho kutwa?"

"Sina, mama. Aseme mtu mwingine."

"Mtu mwingine yupi? Nimpeleke mbuzi?" Akabangua mbili tatu bila kunitazama. "Unamwonea gere."

"Mimi? Yule?"

"Wewe. Yule. Mwanao akishiba, si wewe umeshiba?"

"Hajashiba kwa jina langu."

Nilidhani atanikemea. Akacheka mpaka korosho zikamwagika mapajani. Akasema mke mwenzake, bibi yako mzaa baba, alikuwa akipika wali wa nazi mpaka babu anaacha jembe shambani. "Nilimwonea gere mie, we acha tu. Nikawa najibanza nyuma ya jiko nimwibie ujuzi. Nilinusa, nilichungulia, nikahesabu mpaka anavyokuna nazi. Mpaka leo ukila wali wangu unakula wivu wangu." Akajipangusa macho kwa bega, kwa sababu mikono ina mafuta. "Ila sumu sikumtilia. Na nazi zilikuwepo, na sumu ya panya ilikuwepo."

Akanifungia korosho zako kwenye kipande cha kanga akaniambia nikazane, bodaboda wa jioni wanaendesha kama wamefukuzwa.

Njia nzima nilikuwa nawaza sumu ya panya. Kukaa kimya kwangu kulikuwa nini kama si hiyo.

Leo mchana, ulipokwenda kuaga kwa kina rafiki zako, nililifungua gitaa tena kibandani. Ningeweza kulisahihisha tu. Ningeweza kuliacha lilivyo nikakuandikia onyo. Sikutaka kimoja wala kingine. Gitaa hilo lina vitufe vinne, na kimoja, cha toni ya shingoni, hujawahi kukigusa tangu ulipate. Nimekitoa. Kwenye tundu lake nimeweka swichi ndogo niliyoitoa kwenye redio ya mteja aliyetuachia vyuma. Nyeusi sasa inapeleka sauti, nyekundu na nyeupe nimeziunga, na kutoka kwenye maungio hayo nimevuta waya mmoja mpaka kwenye swichi. Ukiiweka juu, hambaka nzima inaamka: sauti nene, na mvumo unakufa. Ukiishusha, inabaki nusu. Na ni nusu ileile, mwanangu. Ingekuwa rahisi zaidi kuiacha nusu nyingine ikaimba, na labda ni wewe peke yako ungesikia tofauti. Niliifungua mara mbili kuhakikisha.

Nilikuwa katikati ya kazi, pasi ina moto, nimeinamisha kichwa ndani ya tumbo la gitaa, baba yako akaingia.

"Mtoto anaondoka kesho wewe unamfumulia gitaa?"

"Naweka swichi."

"Ya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, rangi kwa rangi, na nilipofika kwenye nyekundu nilimwambia, "Wewe ndiye ulinifundisha nyekundu moto."

"Ya nyumba hiyo," akasema.

"Hukusema ya nyumba."

Akavuta lile debe la rangi akakaa. Akawa anatazama ndani ya gitaa lake, lile alilopigia harusi zote zile, na nikaona amevificha vile vidole viwili ndani ya kiganja kama afanyavyo akiona baridi. Nikasubiri aseme kitu. Nilikuwa nimesubiri tangu siku ya gunia. Jua lilikuwa limegeuka upande wa pili wa barabara na kibandani kumeanza giza, nikawa nakodoa macho kutafuta ncha ya waya.

Akatoa simu yake mfukoni, akawasha tochi, akaisogeza pale nilipokuwa nalehemu. Akaishikilia hapo mpaka nikamaliza. Mara moja tu alisema, "Hapo bado bati halijapata moto," na kweli lilikuwa bado.

Sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Kesho ukipanda basi nitaona wivu na basi. Ila sasa nikikuwazia hotelini na zile taa, nauona mkono wako ukishuka kwenye ile swichi, na kwenye picha hiyo najiona na mimi nimo mahali fulani, si nyuma ya ampu.

Kumbuka haya machache ya gitaa, ya maisha utayajua mwenyewe. Wimbo ukianza, shusha ile swichi ndogo. Wimbo ukiisha na watu wametulia, pandisha. Mtu yeyote akitaka kulifungua, mwambie waya mwekundu usiguswe, na akiuliza nani kasema, hilo jibu nakuachia. Safari hii sitakuwepo kulisikia.

Mtihani wangu ni mwishoni mwa mwaka. Baada yake sijui. Baba yako anasema tutaona, na mara hii alivyolisema halikuwa kama lile tutaona la siku zote.

Barua yako usiipitishe kwenye simu. Iandike, mpe kondakta wa basi lililokupeleka, aiache kibandani Maili Moja, wananijua. Usiniandikie habari za ziwa wala chakula, hizo mwandikie mama yako. Mimi shangazi yako Mwajuma, niliyekufungia gitaa, nataka unijibu moja tu, kwa basi la kwanza linalorudi: huko bendini, chombo kikinyamaza katikati ya wimbo, nani huitwa kukitengeneza, au bado hamna mtu?